Tone la Maji na Ukuta wa Taka

Katika kisiwa kidogo cha Teshima, kilichomo ndani ya Bahari ya Seto nchini Japani, kuna jumba la sanaa lisilo na picha ukutani, wala sanamu, wala nguzo hata moja. Ni kuba jeupe la zege lililolala juu ya mgongo wa kilima, mfano wa tone la maji lililodondoka likakataa kupasuka. Urefu wake unakaribia mita 60 na upana wake mita 40, ilhali unene wa zege lake ni sentimita 25 tu. Juu yake pana matundu mawili makubwa yasiyo na kioo wala kifuniko, na kwa matundu hayo huingia mvua, upepo, ndege, majani makavu na sauti za kondeni. Mgeni huvua viatu mlangoni, akaingia kimya kimya kama aingiaye mahali pa ibada. Sakafuni, kupitia vitundu vidogo mno, maji hutoka tone baada ya tone. Matone hutambaa, yakakutana, yakaungana, hatimaye yakawa kidimbwi. Hayo ndiyo maonyesho yote. Msanii Rei Naito ndiye aliyeyatunga hayo maji, na msanifu majengo Ryue Nishizawa ndiye aliyelibuni kuba. Jumba lilifunguliwa Oktoba 2010, na tangu hapo watu wamekuwa wakivuka bahari kutoka pande zote za dunia kuja kuketi sakafuni na kulitazama tone likitembea.

Upande wa magharibi wa kisiwa hicho hicho pana ufuo ambao ramani za watalii aghalabu huupita bila kuutaja. Hapo ndipo zilipochimbuliwa taka zenye sumu zipatazo tani 913,000, na siku lile jumba jeupe lilipofunguliwa, kazi ya kuzichimbua ilikuwa bado haijakwisha. Makala haya yanakusudia kuviweka vitu viwili hivyo mbele ya msomaji kwa pamoja, tone na jaa, kwa kuwa alisifuye tone bila kuujua ule ufuo ni kama aliyesoma ubeti mmoja wa utenzi akadhani ameumaliza. Aghalabu habari za Teshima husimuliwa kana kwamba sanaa ndiyo iliyokiokoa kisiwa. Tukizifuata tarehe, moja baada ya nyingine, tutaona mambo yalikuwa na mpangilio mwingine, na katika mpangilio huo mna funzo kwa kila anayekusudia kufanya maonyesho juu ya mwanadamu na maumbile yanayomzunguka.

Tuanze na jina. Herufi zinazoandika jina la Teshima maana yake ni kisiwa cha wingi, au kwa lugha yetu tungesema kisiwa cha neema. Jina halikuwa la kujisifu bure. Kisiwa kina eneo la kilomita za mraba zisizozidi 15, lakini mlima wake unashika mvua, na chemchemi zake zimekuwa zikinywesha majaruba ya mpunga yaliyopangwa kama ngazi kutoka mlimani hadi karibu na pwani. Visiwa vingi vya bahari ile vina shida ya maji. Teshima kiliota mpunga, kikafuga ng'ombe wa maziwa, kikachonga mawe ya taa za bustani, na kikavua. Mwaka 1934 bahari ile, pamoja na visiwa vyake, ilitangazwa kuwa miongoni mwa hifadhi za kwanza za taifa nchini Japani. Hapo tungedhani kwamba kisiwa kimepata ulinzi wa kutosha.

Lakini miaka iliyofuata vita vya pili vya dunia ilikuwa miaka ya viwanda. Pwani za Bahari ya Seto zilijazwa udongo na kujengwa mitambo ya chuma, mafuta na kemikali. Maji yake hayana njia pana ya kutokea bahari kuu, hivyo kila kilichomwagwa kilikaa. Mwaka 1972 maji yaligeuka rangi kwa wingi wa vijimea vidogo vilivyonenepeshwa na uchafu, na samaki wa kufugwa wapatao milioni 14 wakafa. Mwaka uliofuata serikali ikatunga sheria maalumu ya kuiokoa bahari. Wakati bahari ikitungiwa sheria, nchi kavu ilikuwa ikitafutiwa mahali pa kutupa mabaki ya utajiri ule mpya. Na mahali panapotafutwa kwa kazi hiyo, tangu zamani, ni mahali pasipo na kura nyingi.

Mwaka 1975 mwenye ardhi ya ule ufuo wa magharibi aliomba kibali cha kuleta taka za hatari. Wenyeji wakapinga, wakatia saini, wakavuka bahari hadi makao ya Mkoa wa Kagawa. Ombi likabadilishwa sura: sasa ilikuwa kazi ya kufuga nyungunyungu kwa kutumia mabaki ya karatasi na vyakula, na mwaka 1978 kibali kikatolewa. Nyungunyungu hawakudumu. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 1980 mashua zilileta mabaki ya magari yaliyosagwa, mafuta machafu na tope za viwandani, vikarundikwa na kuchomwa moto mchana na usiku. Wenyeji walilalamika kwa mkoa. Wakajibiwa kwamba vile si taka bali ni malighafi, kwa kuwa mwenye ardhi alidai kutoa madini ndani yake. Watu waliokaa karibu walikohoa. Samaki na matunda ya kisiwa yakakataliwa sokoni kwa sababu ya jina tu, kwani magazeti yalikwisha kukipa kisiwa cha neema jina jipya, kisiwa cha jaa. Mambo yalisimama Novemba 1990, na waliokuja kuyasimamisha hawakuwa polisi wa mkoa wao bali polisi wa mkoa wa jirani, Hyogo.

Ndugu msomaji, sehemu hii ya hadithi haina msanii yeyote. Ina wazee. Wengi wa vijana walikuwa wamekwisha kuhamia mijini, na waliobaki walikuwa wakulima, wavuvi na wajane. Mwaka 1993 mamia ya watu wa kisiwa walifungua shauri la usuluhishi dhidi ya mkoa, wenye ardhi na viwanda vilivyotoa zile taka, wakiongozwa na wakili Kohei Nakabo. Walisimama mbele ya ofisi za mkoa katika jua na baridi, walizunguka vijijini na mijini kueleza habari yao, na mwaka baada ya mwaka walizika wenzao waliotia saini pamoja nao. Tarehe 6 Juni 2000 makubaliano yakafikiwa. Gavana wa mkoa aliwaomba radhi wenyeji, na mkoa ukakubali kuzichimbua taka zote na kuziondoa kisiwani. Wenyeji nao walikubali jambo ambalo linastahili kukumbukwa: waliacha kudai fidia kutoka kwa mkoa. Walichokitaka ni radhi, na kisiwa kirudi kama kilivyokuwa.

Swali lililofuata ni hili: taka zipelekwe wapi? Ukiziondoa kwako ukazitupa kwa mwenzio, hujatibu kitu. Jibu lilitoka kisiwa cha jirani, Naoshima, na hapa ndipo njia ya jaa na njia ya sanaa zinapokutana kwa mara ya kwanza.

Naoshima nacho kilikuwa na kidonda chake. Mwaka 1917 kampuni ya Mitsubishi ilijenga huko kinu cha kuyeyushia shaba, na moshi wake ukaunguza miti ya upande wa kaskazini hadi vilima vikabaki vipara. Kisiwa kilipata ajira na kikapoteza misitu. Mwaka 1985 mchapishaji wa vitabu Tetsuhiko Fukutake alikutana na mkuu wa mji wa Naoshima, Chikatsugu Miyake, wakaafikiana kuupa upande wa kusini maisha mengine. Fukutake alifariki mwaka uliofuata. Mwanawe Soichiro akaishika kazi. Msanifu majengo Tadao Ando aliitwa, na mwaka 1992 likafunguliwa jengo la kwanza lililokuwa nyumba ya wageni na makumbusho kwa pamoja. Mwaka 2004 likafuata jumba la Chichu, ambalo lote limefukiwa chini ya ardhi ili lisiuvunje mstari wa kilima. Ndani yake mna michoro ya mayungiyungi ya Claude Monet inayotazamwa kwa nuru ya jua peke yake, hivyo kwamba wingu likipita juu, michoro nayo hubadilika.

Mimi hupenda zaidi kazi moja ndogo iliyotangulia hayo. Mwaka 1998, katika nyumba kuukuu ya kijiji cha Honmura, msanii Tatsuo Miyajima alitengeneza kidimbwi chenye giza, akazamisha ndani yake tarakimu 125 za taa zinazohesabu moja hadi tisa, kisha zikaanza upya. Kasi ya kila tarakimu ilichaguliwa na mkazi mmoja wa kisiwa. Mzee aliyependa mambo ya polepole, tarakimu yake ilikwenda polepole. Kwa mara ya kwanza wenyeji hawakuwa watazamaji wa sanaa iliyoshushwa melini. Ndani ya kazi ile palikuwa na kitu chao.

Basi Naoshima, kisiwa cha kinu na cha sanaa, kikakubali kuzipokea taka za jirani. Mtambo wa kuziyeyusha ulijengwa penye kile kinu cha shaba, na mwaka 2003 jahazi la chuma likaanza safari zake. Taka zilichomwa kwa joto kali. Kilichobaki kilitumika katika zege, na madini yakarudishwa kiwandani. Kazi hiyo ilitarajiwa kuchukua miaka kumi. Ilichukua kumi na nne, kwa kuwa kila walipochimba walikuta zaidi ya walichokadiria.

Inafaa hapa tuseme neno juu ya historia ya aina hii ya maonyesho. Kwa muda mrefu maumbile yalikuwa katika sanaa ya Ulaya kitu cha kuchorwa: mlima, mawingu, mti wenye kivuli, vyote vikitundikwa ndani ya fremu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 baadhi ya wasanii waliichoka fremu. Oktoba 1968 ukumbi wa Dwan mjini New York uliwaonyesha watu kazi za udongo na mawe, na mwaka 1970 Robert Smithson alijenga gati la mawe lenye umbo la pia katika ziwa la chumvi huko Utah, likazamishwa na maji kwa karibu miaka thelathini, kisha likaibuka tena ukame ulipokuja. Mwaka 1982, katika maonyesho makubwa ya Kassel nchini Ujerumani, Joseph Beuys alirundika vipande 7,000 vya mawe mbele ya jumba la makumbusho, akasema kila jiwe litaondoka hapo siku litakaposimikwa kando ya mti mmoja uliopandwa mjini. Maonyesho yale huchukua siku 100. Miti ilichukua miaka mitano. Beuys mwenyewe alifariki mwaka 1986, na mti wa mwisho ulipandwa na mwanawe mwaka 1987. Watu wa Kassel waliolalamika kwamba rundo linawaharibia uwanja waliambiwa dawa yake ni kupanda miti.

Nadhani hapo Beuys aliona jambo ambalo wengi baada yake hawakuliona. Maonyesho juu ya maumbile yakimalizika siku milango inapofungwa, yamekuwa ni mapambo. Yakiwaachia watu kazi ya kufanya, au kitu cha kutunza, hapo yameanza kufanana na hicho yanachokizungumzia.

Mratibu Fram Kitagawa alilijua hilo. Mwaka 2000 alikuwa ameanzisha maonyesho katika vijiji vya milimani vya Echigo-Tsumari, vijiji vya mpunga na theluji vilivyokuwa vikikimbiwa na vijana wake. Mwaka 2010 yeye na Soichiro Fukutake walileta mwendo huo baharini. Maonyesho ya Setouchi yalifunguliwa tarehe 19 Julai yakadumu siku 105 katika visiwa saba na bandari ya Takamatsu, na kaulimbiu yake ilikuwa kuirudishia bahari hadhi yake. Hesabu ya wageni ilizidi 930,000. Miongoni mwa visiwa vile kilikuwamo Oshima, ambako tangu 1909 wagonjwa wa ukoma walitengwa kwa nguvu. Sheria ya kuwatenga ilifutwa mwaka 1996 tu, na waliobakia wakati huo walikuwa vikongwe wasiokuwa na pa kurudi. Kwa wageni wengi, maonyesho ndiyo yaliyowapandisha kwa mara ya kwanza boti ya kwenda Oshima.

Kule Teshima, wajenzi wa lile kuba walirundika udongo, wakaupa umbo, wakamwaga zege juu yake, kisha wakauchimbua udongo kutoka ndani hadi likabaki ganda tupu. Majaruba yaliyolizunguka, ambayo yalikuwa yamemezwa na magugu kwa kukosa mikono, yalilimwa tena kwa ushirikiano na wenyeji. Katika nyumba moja iliyohamwa palifunguliwa mkahawa wa kisiwa, ambapo wanawake wa Teshima hupika samaki na mboga zao wenyewe, vyakula vile vile vilivyokuwa vikikataliwa sokoni. Na ufuoni, Mfaransa Christian Boltanski alijenga kibanda cha kuhifadhia mapigo ya mioyo: mtu huja, moyo wake hurekodiwa, na mapigo yake huwekwa pamoja na ya maelfu wengine. Boltanski alifariki mwaka 2021. Mapigo ya moyo wake mwenyewe yamo humo.

Sasa turudi kwenye tarehe. Jumba la tone lilifunguliwa mwaka 2010. Taka za mwisho zilizohesabiwa katika mpango ule ziliondoka kisiwani Machi 2017. Maana yake ni kwamba kwa muda wa zaidi ya miaka sita bahari ile nyembamba kati ya Teshima na Naoshima ilipitwa na vyombo viwili: kimoja kimebeba wageni waliokuja kutazama tone la maji safi, na kingine kimebeba sumu. Sijui picha iliyo kamili kuliko hiyo ya hali yetu binadamu mbele ya maumbile katika karne hii.

Wapo wanaoshuku, na shaka yao ina haki. Husema kwamba sanaa ni pazia zuri. Kwamba mkoa ule ule uliofumbia macho jaa sasa unajivunia jumba. Kwamba watalii hujaza boti na mabasi ya kisiwa chenye wakazi wasiofika 1,000, hupiga picha, huondoka jioni, na wengi wao hawajui palikuwa na shauri lolote. Haya yote hutokea. Hata hivyo, tukimtaka msanii achague kati ya kunyamaza na kupiga kelele, tunamnyima njia ya tatu. Naito hakuandika neno taka popote katika kazi yake. Alichukua kitu kile kile ambacho jaa lilikitishia, yaani maji yatokayo ardhini, akakiweka mbele yetu polepole kiasi kwamba hatuwezi kukipuuza. Anayejua habari ya ufuo wa magharibi hulitazama tone lile kwa hofu na shukrani. Asiyejua huliona zuri tu. Tofauti ya watazamaji wawili hao haiwezi kuzibwa na msanii; huzibwa na atakayesimulia.

Bahari nayo imeendelea kuwafundisha wote. Zile sheria za 1973 zilifanya kazi yake hadi maji yakawa safi mno. Wakulima wa mwani wakaanza kuona mwani wao ukipauka kwa kukosa rutuba, na mwaka 2021 sheria ikarekebishwa ili baadhi ya sehemu ziruhusiwe kurudishiwa virutubisho kwa kipimo. Mwanamke wa Paje au Jambiani aliyewahi kuona mwani wake ukifa kwa joto la maji ataielewa habari hiyo bila mfasiri. Mwaka huo huo, mwezi wa Agosti, kimbunga kililing'oa boga kubwa la manjano la Yayoi Kusama lililokuwa likikaa ncha ya gati la Naoshima tangu 1994, mawimbi yakalipiga hadi likavunjika. Mwaka uliofuata likawekwa jipya.

Sisi wa pwani hii tuna mfano wetu ulio karibu na hayo. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu walishusha majini jahazi lililoundwa kwa plastiki zilizookotwa, ubavu wake ukiwa umepambwa kwa ndara zilizotupwa, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri hadi Unguja, safari ya kilomita zipatazo 500. Lilikuwa chombo na lilikuwa maonyesho. Taka hazikufichwa nyuma ya kitu kizuri. Zilitiwa tanga, watu wakazitazama. Lakini fukwe zilizozitoa plastiki zile zingali zikipokea nyingine kila maji yajaapo, na hapo ndipo wazee wa Teshima wanapotuzidi: wao hawakuridhika mpaka taka zimeondoka.

Namalizia kwa kurudi ule ufuo wa magharibi. Katika nyumba iliyokuwa ofisi ya wale waliozileta taka, wenyeji wameweka makumbusho yao wenyewe. Hayana msanifu majengo mashuhuri, na atakaye kuyaona huandikisha mapema, akaongozwa na mtu wa kisiwa. Ukutani umebandikwa ukuta mwingine: tabaka la taka lililobanduliwa kutoka shimoni kabla ya kuchimbuliwa, lenye waya, mpira, plastiki na masizi, vimeshikana kama mwamba. Mwenyeji husimama mbele yake na kueleza nani alisema nini mwaka gani, na nani alikufa kabla ya radhi kuombwa. Kisiwa kimoja, basi, kina maonyesho mawili. Atakayefika huko siku moja, na ayatazame yote mawili, akianza na hili la wazee, kisha apande kilimani, avue viatu, aingie.